Bima imepanda, Medicaid imebana: mwongozo kwa familia zinazozungumza Kiswahili Marekani

Mwaka jana jirani yangu, mama mmoja wa kutoka Uvira, alinibishia hodi akiwa na mfuko wa dukani uliojaa barua. Alizitunza vizuri, hakuna iliyopotea wala kuloa. Ila hakuna iliyofunguliwa. Zilikuwa za Kiingereza, na kijana wake anayemsomea alikuwa zamu ya usiku ghalani. Tulizimwaga mezani, na katikati ya matangazo ya pizza na kadi za benki tukaikuta ya Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, iliyotaka majibu kufikia tarehe fulani. Tarehe hiyo ilikuwa imepita wiki tatu. Mama alistahili bima ile na bado anaistahili. Aliikosa kwa sababu ya bahasha.

Si yeye peke yake. Kanuni ya wakati wa korona iliyozuia watu kuondolewa Medicaid ilipokoma mwaka 2023, majimbo yalianza kuhakiki upya kila aliyekuwa kwenye Medicaid. Zaidi ya watu milioni 25 waliondolewa, na kwa hesabu za KFF, shirika la utafiti wa sera za afya, karibu 7 katika kila 10 waliondolewa kwa sababu za kiutaratibu: fomu haikurudi, anwani ilikuwa ya zamani, karatasi ilipungua. Kwa hiyo ukiona mwongozo huu unahangaika na karatasi kuliko siasa, ujue ni kwa makusudi.

Kwanza, nini kimebadilika

Mambo mawili yametokea karibu kwa pamoja, na watu wengi wanayachanganya.

La kwanza ni la wanaonunua bima wenyewe kwenye soko la serikali, yaani Obamacare. Mwaka 2021 Bunge la Marekani liliongeza ruzuku kubwa ya kulipia bima hiyo. Nyongeza hiyo iliisha tarehe 31 Desemba 2025. Wabunge waligombana juu yake hadi serikali ikafungwa siku 43, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025, na ilipofunguliwa nyongeza haikurudi. KFF ilikadiria kwamba anayepata ruzuku atatoka kulipa wastani wa dola 888 kwa mwaka 2025 hadi dola 1,904 mwaka 2026. Huo ni wastani tu, wapo walioumia zaidi.

La pili ni sheria kubwa ya bajeti iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025. Hiyo inagusa Medicaid, msaada wa chakula wa SNAP na ruzuku za Obamacare, na haigusi watu wote siku moja. Inakuja kwa awamu. Ndiyo maana jirani yako anaweza kukuambia "mimi sijakatwa kitu" akawa anasema kweli, na wewe ukakatwa.

Hatua ya 1: Jua uko fungu gani

Kabla ya kumpigia mtu simu, toa kitambulisho chako cha uhamiaji ukiangalie. Swali la kipato linakuja baadaye. Swali la kwanza sasa hivi ni hadhi yako.

Ukiwa raia, kwa kuzaliwa au kwa kuapishwa, mabadiliko ya wahamiaji hayakuhusu. Ruka hadi hatua ya 2.

Ukiwa na kadi ya kijani, bado umo kwenye orodha ya wanaostahili. Wengi husubiri miaka mitano kabla ya kupata Medicaid, lakini aliyeingia kama mkimbizi au aliyepewa hifadhi kisha akapata kadi ya kijani hana hiyo miaka mitano ya kusubiri. Wapo maafisa wanaokosea hapo. Ukiambiwa usubiri, omba msimamizi, na uonyeshe msimbo wa kundi ulioandikwa kwenye kadi yako. Kwa mkimbizi mara nyingi huanza na RE, kwa aliyepewa hifadhi AS.

Ukiwa mkimbizi au umepewa hifadhi lakini kadi ya kijani bado, soma hapa mara mbili. Kwa SNAP, sheria mpya imeshakuondoa. Kwa Medicaid, fedha za serikali kuu zinakoma kwako kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026. Kwa ruzuku ya Obamacare, ni tarehe 1 Januari 2027. Watoto na wajawazito wana nafuu, kwa sababu majimbo mengi yamechagua kuwahudumia wote wanaoishi nchini kihalali, na chaguo hilo halikufutwa. Kwa hiyo usimwondoe mtoto kwenye bima kwa sababu tu mzazi amekatwa. Nimeona baba akiacha kujaza fomu nzima ya familia kwa kukata tamaa, kumbe watoto wanne walizaliwa Kentucky na ni raia.

Dawa ya fungu hili ni kadi ya kijani. Mkimbizi anaruhusiwa kuiomba akishamaliza mwaka mmoja nchini, kwa fomu I-485, na halipii ada ya fomu hiyo. Wapo watu wa miaka sita hapa ambao hawajaomba kwa sababu "kazi naruhusiwa, ya nini tena?" Ya nini ni hii sasa. Ni kweli kwamba tangu Novemba 2025 idara ya uhamiaji imeanza kupitia upya faili za wakimbizi walioingia tangu 2021 na kusimamisha maombi mengi. Zungumza na wakili wa shirika lililokupokea kabla ya kutuma chochote, hasa kama una kesi yoyote mahakamani. Usiende kwa "mjuzi wa makaratasi" anayetoza pesa taslimu bila risiti.

Hofu nyingine ninayoisikia kila wiki ni kwamba kutumia Medicaid kutamharibia mtu ombi la kadi ya kijani. Mkimbizi na aliyepewa hifadhi wamesamehewa kisheria kipimo hicho cha "mzigo kwa serikali". Aliyekuja kwa ndoa au kwa kuombewa na ndugu, huyo amuulize wakili.

Hatua ya 2: Anwani na bahasha

Ukihama, badilisha anwani sehemu zote, kila moja kivyake: ofisi ya Medicaid ya jimbo lako, soko la bima, ofisi ya SNAP, mwajiri, na idara ya uhamiaji, ambayo kisheria inakupa siku 10 tu. Usitegemee posta ikufuatishie barua.

Ujue pia jina la Medicaid la jimbo lako, maana barua haitasema "Medicaid" kila mara. Maine ni MaineCare, Tennessee ni TennCare, Massachusetts ni MassHealth, California ni Medi-Cal, Arizona ni AHCCCS. Watu wametupa bahasha za AHCCCS wakidhani ni tangazo la kampuni.

Nunua faili moja la dola mbili. Humo weka nakala za vitambulisho vya kila mtu wa nyumba, slipu za mshahara za miezi mitatu ya mwisho, fomu za kodi ulizotuma mwaka jana, na kila barua ya bima na bahasha yake. Muhuri wa posta ni ushahidi wa siku barua ilipotumwa. Siku unayopokea, piga picha kwa simu umtumie anayekusomea, hata kama yuko jimbo jingine. Dakika moja tu.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kipato kama serikali inavyopiga

Hapa ndipo pesa nyingi inapopotea, kwa hiyo twende taratibu.

Kwa bima ya mwaka 2026, kiwango cha umaskini kinachotumika ni dola 15,650 kwa mtu mmoja, na kila anayeongezeka nyumbani anaongeza dola 5,500. Familia ya watu wanne basi ni dola 32,150. Namba hiyo ndiyo inayozidishwa kupata mipaka yote mingine.

Mpaka wa juu ni mara nne yake: dola 62,600 kwa mtu mmoja, 84,600 kwa wawili, 128,600 kwa wanne. Ukivuka kwa dola moja, ruzuku yote inaondoka. Haipungui kidogo kidogo. Ni ukingo, unadondoka. Mtu mmoja wa dola 62,000 analipa kama dola 515 kwa mwezi kwa bima ya kipimo, yaani mpango wa Silver ambao serikali hupimia ruzuku, kwa sababu amewekewa kikomo cha asilimia 9.96 ya kipato. Mwenzake wa dola 63,000 analipa bei nzima, na kwa mtu wa miaka 60 bei nzima inaweza kupita dola 1,000 kwa mwezi.

Chini nako si bure tena. Mtu wa dola 23,475 kwa mwaka alikuwa akilipa sifuri mpaka mwisho wa 2025. Sasa anatakiwa kuchangia kama dola 82 kwa mwezi.

Na kuna ukingo wa chini ambao watu husahau. Texas, Florida, Georgia, Tennessee na majimbo mengine sita hayakupanua Medicaid, yaani hayakuifungulia watu wazima wote wa kipato cha chini. Huko, mtu mzima akiwa chini ya ule mstari wa umaskini hapati ruzuku ya Obamacare, na Medicaid pia mara nyingi haipati. Anabaki hewani.

Hili linawagusa hasa madereva wa Uber na wasafirishaji wa vifurushi. Kipato kinachohesabiwa ni kile kinachobaki baada ya gharama za biashara, na kwa mwaka 2026 kila maili ya kazi inapunguza senti 72.5. Maili 20,000 ni dola 14,500. Kwa dereva aliye karibu na ukingo wa juu, daftari la maili ni pesa. Kwa dereva wa Houston mwenye kipato kidogo, makato hayo hayo yanaweza kumshusha chini ya mstari akakosa ruzuku. Kaa na mtu wa kodi anayeelewa bima. Wengi wanajua kodi tu. Wa kuajiriwa anayekaribia ukingo wa juu anaweza kuweka zaidi kwenye akiba ya uzeeni ya 401(k) ya kawaida, maana fedha hizo haziingii kwenye hesabu.

Jambo la mwisho hapa. Ruzuku hutolewa kwa makadirio yako, kisha hukaguliwa kwenye kodi. Zamani mtu wa kipato cha chini aliyekadiria vibaya aliwekewa kikomo cha kurudisha, dola mia kadhaa. Kuanzia kodi ya mwaka 2026 kikomo hakipo. Ukipewa ziada unairudisha yote. Kwa hiyo mkeo akipata kazi mwezi wa Juni, toa taarifa sokoni mwezi huo huo. Usingoje.

Hatua ya 4: Kuchagua mpango

Usiache bima ijirudie yenyewe kila mwaka. Ingia uangalie.

Bei ya mwezi ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni kiasi unachojilipia mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa, kile kilichoandikwa "deductible". Mipango imegawanywa kwa ngazi zenye majina ya madini, kama Bronze na Silver. Ile ya Bronze ni rahisi kwa mwezi na mikali siku ya kuugua. Kama kipato chako kiko chini ya mara mbili na nusu ya mstari wa umaskini, angalia Silver kwanza, kwa sababu ni Silver peke yake inayokuja na punguzo la kulipia hospitalini. Punguzo hilo ni kubwa zaidi kwa walio chini ya mara mbili. Nimewaona watu wa dola 24,000 wakikimbilia Bronze kwa kuokoa dola 40 kwa mwezi, kisha mtoto anavunjika mkono. Kijana mzima asiye na ugonjwa, anayepata zaidi kidogo, Bronze inaweza kumfaa, na tangu Januari 2026 mipango hiyo inamruhusu kufungua akaunti ya akiba ya matibabu isiyotozwa kodi.

Angalia pia kama kliniki unayokwenda imo kwenye orodha ya wanaopokea mpango huo, wanayoiita "network". Piga simu kliniki, uwaulize wao, kwa sababu orodha ya kampuni mara nyingi imepitwa na wakati.

Dirisha la kujiandikisha linapungua. Kwa bima ya 2027, soko la serikali kuu linafunguliwa tarehe 1 Novemba na kufungwa tarehe 15 Desemba 2026, mwezi mzima mapema kuliko tulivyozoea. Lile dirisha la watu wa kipato cha chini kujiunga mwezi wowote limefungwa. Na usiache kulipa ukidhani utarudi baadaye: aliyekatwa kwa kutolipa hafunguliwi dirisha maalumu.

Kama mwajiri wako anatoa bima, soma hiyo kwanza. Kwa 2026, ikiwa sehemu yako ya bima ya mtu mmoja haizidi asilimia 9.96 ya kipato cha nyumba, huna ruzuku ya Obamacare.

Hatua ya 5: Saa 80 za kazi

Kufikia tarehe 1 Januari 2027, majimbo yaliyopanua Medicaid lazima yawadai watu wazima walioingia kwa upanuzi huo, miaka 19 hadi 64, saa 80 za kazi, masomo au kujitolea kila mwezi. Jimbo linaruhusiwa kuanza mapema. Tena watahakikiwa kila miezi sita, si mwaka.

Wengi wetu tunafanya kazi zaidi ya saa hizo. Shida ni kuthibitisha. Arkansas ilijaribu jambo hili mwaka 2018, na watu wapatao 18,000 walipoteza bima kabla mahakama haijasimamisha. Wengi walikuwa wakifanya kazi au walistahili msamaha, lakini taarifa haikufika.

Kwa hiyo jipange sasa. Kwanza angalia kama umesamehewa: mzazi wa mtoto wa miaka 13 au chini, mjamzito, mlemavu, mwenye ugonjwa mzito, anayemtunza mlemavu. Kama hukusamehewa, fahamu kwamba kipato cha dola 580 kwa mwezi kinatosha badala ya kuhesabu saa. Slipu ya mshahara inamaliza kazi. Anayesuka nywele nyumbani au kupika sambusa za harusi aweke daftari la tarehe, mteja na malipo, na apokee pesa kwa njia inayoacha alama. Anayejitolea msikitini au kanisani aombe barua yenye saa na sahihi kila mwezi, asingoje mwisho wa mwaka.

Hatari yenyewe ni hii: ukikatwa Medicaid kwa sababu ya saa, sheria inakunyima pia ruzuku ya Obamacare. Milango yote miwili inafungwa.

SNAP ina sharti kama hilo na limeshaanza, sasa mpaka miaka 64, na mzazi ambaye watoto wake wote wamefikisha miaka 14 hasamehewi tena.

Hatua ya 6: Ukikatwa

Barua ya kukatwa ina tarehe mbili: siku bima inapokoma, na siku ya mwisho ya kukata rufaa. Rufaa ikiingia kabla ya bima kukoma, mara nyingi unaweza kuomba bima iendelee mpaka uamuzi. Sema hivyo kwa maandishi: unataka "fair hearing" na unataka huduma ziendelee. Wakati mwingine barua hutoa siku 10 tu, ndiyo maana nilisisitiza bahasha. Ukishindwa rufaa unaweza kudaiwa gharama za kipindi hicho, kwa hiyo kata rufaa unapoamini wamekosea. Mashirika ya msaada wa sheria husaidia kesi hizi bila malipo.

Wakati huo huo, anayepoteza Medicaid ana siku 90 za kujiandikisha soko la bima hata kama si msimu. Aliyepoteza bima ya kazini ana siku 60.

Hatua ya 7: Siku huna bima kabisa

Tafuta kituo cha afya cha jamii kwenye findahealthcenter.hrsa.gov. Vituo hivi hutoza kulingana na kipato, na havimrudishi mtu kwa kukosa pesa. Mwenye sukari au presha asisubiri. Dawa nyingi za kawaida zipo kwenye orodha ya dola 4 ya Walmart.

Chumba cha dharura cha hospitali lazima kikupime na kukutuliza, uwe na pesa au huna, uwe na makaratasi au huna. Ni sheria ya tangu 1986. Lakini bili itakuja. Usiilipe siku hiyo, na kamwe usiiweke kwenye kadi ya mkopo, kwa sababu hapo deni la hospitali linageuka la benki na haki zako nyingi zinaisha. Omba bili yenye kila kipengele. Kisha omba fomu ya "financial assistance". Hospitali isiyoendeshwa kwa faida inalazimika kuwa na mpango huo, na lazima ipokee ombi lako hadi siku 240 tangu bili ya kwanza. Nimeona bili ya maelfu ikifutwa yote kwa fomu ya kurasa nne. Hawatakukumbusha.

Kama matibabu si ya dharura, omba makadirio ya maandishi kabla. Bili ikizidi makadirio kwa dola 400 au zaidi, una siku 120 za kuipinga.

Tahadhari na anayekupigia simu akikuahidi kadi ya zawadi ukimpa namba yako ya hifadhi ya jamii. Watu wamehamishwa mipango bila kujua. Jihadhari pia na "bima" za dola 60 zinazotangazwa Facebook: nyingi hazilipi ugonjwa uliokuwa nao kabla.

Simu

Soko la bima ni 1-800-318-2596. Kwa Medicaid na SNAP, piga 211, watakuelekeza ofisi ya jimbo lako. Mkalimani ni haki yako bila malipo, hospitalini na ofisi zote hizi. Akipokea mtu, sema maneno mawili tu: "Swahili interpreter". Atakuweka kwenye muziki, pengine dakika kumi. Usikate. Mkalimani akija, mwambie kama Kiswahili chako ni cha Bukavu na chake ni cha Mombasa, aongee polepole. Na akitafsiri vibaya, omba mwingine. Usimpe mtoto wa miaka kumi akutafsirie habari za bima. Kabla ya kukata, uliza jina la afisa na namba ya maongezi hayo, uandike kwenye faili.